Rangi ya Ishaka

Siku kompyuta ilipomwambia Ishaka kwamba yeye ni mtu wa fujo, Ishaka alisema "Asante," akakirudisha kiti mahali pake taratibu kisikwaruze sakafu, akatoka. Ndivyo alivyo huyo bwana. Mtongwe nzima, ukitaka kuonyeshwa mtu mpole utaelekezwa kwake kabla hujamaliza kuuliza. Majirani wakigombania kamba ya kuanikia nguo, yeye ndiye huitwa kuamua, na aliyeshindwa humkaribisha chai.

Jalila, mkewe, alikuwa kibarazani akikaanga bajia za kuuza alipomwona anakuja. Hakupiga hodi, hakuuliza habari za mchana, alijikalia tu kwenye kigoda.

"Mama Dhahabu, nimefeli."

"Umefeli nini? Wewe shule umeiacha mwaka gani?"

"Ule mtihani wa tabia."

Ishaka alikuwa akiendesha foklifti katika ghala moja la majani ya chai huko Changamwe. Wenye ghala wapya walikuwa wameleta mtihani kutoka Nairobi. Unakaa mbele ya kompyuta, unaulizwa maswali kuhusu nafsi yako, unabonyeza jibu, kisha kompyuta inatabiri utakavyokuwa kazini: huyu atachelewa, yule ataiba, na huyu mwingine atapigana. Wa kijani anapewa mkataba mpya. Wa njano anachungwa. Mwekundu, Mungu amsaidie.

"Wewe wamekupa rangi gani?" Jalila aliuliza.

"Nyekundu. Wameandika ni mwepesi wa kudhuru wenzangu."

Jalila alicheka. Wallahi alicheka mpaka akashika ubavu, maana mumewe huyu hata kuku wa kitoweo humwomba jirani amchinjie. Kisha akamtazama usoni na kicheko kikamkauka.

"Uliwajibu nini, Baba Dhahabu?"

"Kweli tupu. Waliuliza, je, huwa unamtukana mwenzako kazini? Kamwe, mara chache, mara nyingi, au kila siku. Nikabonyeza kila siku."

"Ala! Kila siku?"

"Si Kadenge? Kuna siku nisiyomtukana Kadenge? Mbele kidogo wakauliza, umewahi kumtishia mwenzako? Nikasema ndiyo. Asubuhi ile ile nilikuwa nimemwambia nitamzika hai."

Hapa sharti nieleze, kwa kuwa kompyuta haikuwa na pa kuelezea. Ishaka na Kadenge ni watani, na utani wao si wa kuokota barabarani. Babu yake Ishaka, Mdigo wa Mtongwe, na babu yake Kadenge, Mgiriama wa Kisauni, walikuwa watani wa kuzikana, na watoto wao wakaurithi, na wajukuu vilevile. Mtani hukutukana ukoo mzima na huna ruhusa ya kununa. Huingia jikoni kwako akafunua sufuria bila kuulizwa. Na siku ya msiba yeye ndiye husimama mbele ya watu akamcheka maiti na waliofiwa, kusudi kilio kisiwaue walio hai. Mtani asipofanya hivyo, maiti amezikwa vibaya. Basi kila alfajiri langoni pa ghala, kabla hata ya salamu, Ishaka angesema, "Kadenge, uso huo umeuazima kwa nani, mwenyewe hauhitaji?" Naye Kadenge angejibu, "Nimeuazima kwa baba yako, akasema wewe ungeuharibu." Kisha wakaingia kazini wote wawili roho zao nyeupe.

"Si ungemweleza yule afisa wa wafanyakazi?" Jalila alisema.

"Nimemweleza Madamu Janice. Kaniambia kila mtu ana maelezo yake, ndiyo maana wakaleta kompyuta." Ishaka alivua viatu. "Kikao cha kuamua mikataba yetu sisi wekundu ni mwisho wa mwezi. Mpaka hapo, nikisikika na neno moja la matusi, mkataba umekwisha papo hapo. Sina cha kujitetea."

Dhahabu, binti yao, alikuwa mwaka wa mwisho chuo cha uuguzi, na bajia peke yake hazimsomeshi mtu uuguzi. Mafuta yakaanza kutoa moshi, Jalila akainuka kuyaepua.

Kesho yake wakamvua kisu. Wafanyakazi wa ghala lile hubeba visu vidogo vya kukatia kamba za magunia, kila mtu na chake kiunoni. Msimamizi alimwita Ishaka mbele ya zamu nzima akanyoosha mkono, naye akakifungua akakitoa. Hakuna aliyemwambia kitu. Ila mchana, akienda kuchota maji ya kunywa, wale waliokuwa wakipiga soga pale kwenye mtungi walinyamaza wakampisha. Kijana mmoja aliyeingia kazini juzi tu akamwita "mzee wangu" kwa sauti ile mtu anayosemea na mbwa asiyemjua.

Foklifti nayo wakampa mwingine, yeye wakampa ufagio.

Haya yote Jalila aliyasikia vipande vipande, maana Ishaka si msemaji wa machungu yake. Lakini lililomuuma Jalila zaidi halikutoka ghalani. Lilitoka ndani ya kifua chake mwenyewe. Jioni moja Ishaka aliweka kikombe mezani kwa kishindo, mkono ulimteleza tu, naye Jalila akashtuka akarudi nyuma hatua moja. Mumewe akaona. Wakatazamana.

"Na wewe?" Ishaka aliuliza.

"Nimeshtuka tu, Baba Dhahabu. Mtu hashtuki?"

"Miaka yote hii kikombe hakijakushtua."

Jalila aliona haya hata akakosa pa kuuweka uso wake. Karatasi ya watu wasiomjua Ishaka ilikuwa imeingia nyumbani mwake ikakaa, na yeye ameikaribisha.

*

Juma lililofuata Kadenge akaja Mtongwe. Jitu refu, mabega mapana, sauti ya kuitia watu ng'ambo. Siku zote huingia bila hodi, akafunua vyungu na kulalamika kwamba nyumba hii wanakula kama wafungwa. Siku hiyo alisimama nje ya mlango.

"Hodi, shemeji."

"Karibu! Tangu lini wewe ukapiga hodi?"

"Tangu mtani wangu aanze kunishukuru." Kadenge aliingia akakaa ncha ya kiti. "Shemeji, nimemtukana Ishaka leo asubuhi. Nimemtukana vizuri, nimeanzia kwa babu yake. Unajua kanijibu nini? 'Asante, Kadenge.' Asante! Mimi ni karani wa posta?"

"Anaogopa, shemeji. Si wajua mambo ya ile rangi?"

"Naijua. Mimi wamenipa kijani. Basi watu wanasema Ishaka anadhani mimi ndiye niliyemsema ofisini."

"Hadhani hivyo!"

"Mbona hanitazami? Mtu nimekula naye miaka yote ananipita kama nguzo." Sauti ya Kadenge ilivunjika kidogo, akakohoa kuificha. "Na mzee wangu kule Magogoni hali yake si nzuri. Daktari amesema tumrudishe tu nyumbani apumzike. Sasa nauliza, akifariki, Ishaka atakuja kunipa mkono wa pole na kutia sahihi kwenye kitabu cha wageni?"

Jalila alitaka kumweleza yote, lile jibu la kila siku na ule mtego wa neno moja. Lakini Ishaka alikuwa amemkataza. Alisema Kadenge akijua ni utani wao uliomponza, ataenda ofisini kupiga kelele, na huyo wa kijani naye atapoteza rangi yake. Basi Jalila akamsogezea sahani ya bajia.

"Mwambie nilikuja," Kadenge alisema, akaondoka bila kuonja hata bajia moja.

*

Mzee Chengo, baba yake Kadenge, alifariki siku ya Alhamisi. Maziko yakapangwa Jumamosi, katika kishamba cha familia pale Magogoni kilichobaki katikati ya nyumba za kupangisha.

Jumamosi asubuhi Ishaka alivaa kanzu. Jalila alikuwa akijitanda leso, akaona hawezi tena kuvumilia.

"Baba Dhahabu, nikuombe kitu. Leo ukae kimya."

Ishaka alizidi kufunga vifungo vya kanzu.

"Watu wa ofisi watakuwepo. Madamu Janice mwenyewe ndiye anayeleta mchango wa wafanyakazi, umeniambia wewe. Toa pole, kaa na wanaume, tuzike, turudi zetu. Kikao ni Jumatatu."

"Nikikaa kimya pale, nitakuwa nimemzika Mzee Chengo kama mgeni."

"Na ukisema utatuzika sisi! Dhahabu amebakisha muda mchache tu. Mimi nimechoka kuota ndoto za mkataba, wallahi nimechoka. Mzee Chengo ameshakufa, hatakulaumu."

"Kadenge yuko hai," Ishaka alisema.

Wakatoka. Jalila alijua amesema la haki, na alijua mumewe naye kasema la haki, na haki hizi mbili haziwezi kukaa chumba kimoja.

*

Magogoni walikuta turubai limefungwa na watu wamejaa. Jalila alikwenda kukaa na wanawake, Ishaka akatoa pole akaketi nyuma kabisa, kofia mapajani. Kadenge alikuwa amesimama karibu na jeneza. Uso mkavu. Tangu Alhamisi, wanawake walinong'ona, hajalia, hajala, hajasema na mtu zaidi ya yale ya mbao za jeneza na saruji ya kaburi.

Madamu Janice alifika na wenzake wa ofisini, gauni jeusi, viatu vya kisigino vikizama mchangani. Ni msichana wa Bungoma, adabu yake nzuri. Alisalimia wazee wote kwa mikono miwili, akakabidhi bahasha, akaketi.

Mchungaji akahubiri. Kwaya ikaimba. Watu wakaanza kugeuza shingo, wakitafuta. Mwishowe mjane, mama yake Kadenge, bibi mdogo wa umbo lakini si wa sauti, akauliza wazi wazi:

"Mtani wetu yuko wapi? Au naye amekufa, tumchimbie?"

Hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja akamwonyesha kule nyuma. Bibi akamtazama Ishaka, Ishaka akainamisha kichwa. Jalila alimwona bibi yule akimeza mate, kisha akageuka akatazama mbele. Mume wake anakwenda kuzikwa bila mtani, kana kwamba hakuwa na watu.

Jeneza likabebwa mpaka kaburini, watu wakazunguka. Jalila akajikuta upande mmoja wa shimo, Kadenge mkabala naye. Nyuma ya Kadenge alisimama Ishaka. Alikuwa akimtazama Jalila. Hakumwomba, hakumlaumu, alimtazama tu mkewe aliyemwomba akae kimya, naye alikuwa anakaa kimya. Machozi yalikuwa yakimtiririka na hajui kama yanamtiririka.

Vijana wakashika kamba kuteremsha jeneza. Jalila akawaza Dhahabu. Akawaza Jumatatu. Kisha likamjia wazo jepesi sana, hata akashangaa lilikuwa wapi siku zote: yeye ameolewa na mtani, kwa hiyo naye ni mtani. Na yeye si mwajiriwa wa mtu.

"Simamisheni hapo hapo!" akapaza sauti.

Mchungaji akanyamaza. Jalila alikusanya leso zake, akapanda kwenye rundo la udongo, akakaa juu yake kitako.

"Huyu mzee haendi popote! Siku ya harusi yangu aliniahidi kuku. Mpaka leo hata unyoya sijauona! Sasa anajifanya amekufa ili asinilipe!"

Mjane akapiga kigelegele kilichowarusha kunguru.

"Mwulize!" bibi akapiga kelele. "Mwulize na mimi alinificha wapi hao kuku!"

Kicheko kikaanza kwa wanawake kikaenea kwa wanaume. Ishaka alikuwa tayari anasukuma watu kupita. Alipita kando ya Madamu Janice, alimwona vizuri, wala hakupunguza mwendo. Akamnyang'anya mzee mmoja bakora, akajikunja mgongo, na ghafla pale kaburini palikuwa na Mzee Chengo mzima, anatembea kwa kuchechemea, anahesabu kuku wa jioni kwa kidole na kuwatazama wageni wasije wakamwibia.

"Na wewe Kadenge!" alisema kwa sauti ya marehemu. "Jitu zima, kazi kusimama kama mlingoti! Nimekufa mimi au umekufa wewe? Kichwa chako hicho kikubwa nilikizaa kwa hasara, kina nafasi ya kupangisha familia mbili na ndani hamna mtu! Nitoke humu uingie wewe?"

Kadenge akageuka kumtazama.

"Ishaka," akasema polepole, kisha sauti yake ya siku zote ikarudi, "Ishaka mwana wa mla madeni! Wiki mbili unanipita kama nguzo, leo umekuja kula pilau ya baba yangu! Ngoja! Nitakuua kwa mikono yangu, nikuzike shimo hili hili, mzee apate wa kumchekesha njiani!"

Kisha akaangua kilio. Alilia kama mtoto, kwa kwikwi, akamwangukia Ishaka kifuani, na Ishaka naye akalia, wakawa wanashikana na kutukanana na kulia, hata usijue lipi ni lipi. Jalila, pale juu ya udongo, alifuta uso kwa leso. Akasema moyoni, haya, ya Jumatatu ni ya Jumatatu.

*

Walipokuwa wanakula, Madamu Janice alikuja kukaa karibu na Jalila na sahani yake. Alikaa muda bila kugusa wali.

"Mama, samahani. Ile ni kitu gani nimeona pale?"

"Utani, mwanangu."

"Lakini amemtusi mfiwa. Kwa kaburi."

"Angeacha kumtukana, Kadenge angekuwa bado amekauka pale. Umemwona alivyokuwa?"

Janice akatazama upande wa wanaume. Kadenge alikuwa anakula, chakula chake cha kwanza tangu Alhamisi, na kwa mkono wa pili alikuwa anamwibia Ishaka nyama kwenye sahani.

"Huyu Kadenge ni wa kijani," Janice alisema, kama anayejisemea mwenyewe. "Kwa lile swali la matusi aliweka kamwe. Na leo nimemsikia na masikio yangu akisema ataua mtu."

"Aliona utani si matusi, akajibu kamwe. Wangu aliona matusi ni matusi hata yakiwa ya utani, akajibu kila siku. Wote wawili walisema kweli."

Msichana yule aliweka sahani chini. "Mimi siwezi kubadilisha rangi, mama. Hiyo kompyuta hata haiko hapa, iko Nairobi. Mimi naletewa tu majibu."

"Sikuombi ubadilishe rangi," Jalila alisema. "Nakuomba Jumatatu ukae hapo kwenye kiti chako, useme ulichokiona. Basi."

Janice hakuahidi. Alimaliza wali wake, akashukuru, akaenda.

*

Jumatatu Jalila hakukaanga kitu. Unga ulikaa kwenye beseni. Kila pikipiki ikipita alitoka kibarazani, mpaka jirani akamuuliza kama anamngoja mkopeshaji. Dhahabu alipiga simu kutoka chuoni, "Mama, vipi?" naye akamjibu, "Soma wewe, achana na sisi," akakata na kuanza kulia.

Ishaka aliingia adhuhuri imekwisha. Alikaa kwenye kigoda chake akavua kofia.

"Haya, sema! Utaniua!"

"Nimeingia," Ishaka alianza, kwa ule utaratibu wake unaotia watu wazimu, "nikamkuta meneja, na Madamu Janice. Meneja akasoma ile karatasi. Madamu Janice akasema, kabla hujaendelea, mimi Jumamosi nilikuwa msibani. Akaeleza yote. Na wewe kukalia udongo akaeleza."

"Mungu wangu."

"Meneja akasema hayo ni mambo ya vijijini, kampuni inatazama hatari. Madamu akasema basi tumwite huyo aliye hatarini. Wakamwita Kadenge."

Jalila akashika mdomo.

"Meneja akamuuliza, bwana Kadenge, kweli huyu anakutukana? Nikajua Kadenge atasema hapana, aniokoe. Kadenge akamwambia, ndiyo, bwana meneja, kila siku ya Mungu, isipokuwa wiki hizi mbili mlipomtisha. Na wiki hizi mbili nimekosea kupanga magunia mara nyingi kuliko mwaka mzima, kwa sababu nilikuwa nawaza ndugu yangu ananichukia. Siku huyu atakaponyamaza tena, ndiyo siku ya kuniitia askari."

"Alisema hivyo?"

"Hivyo hivyo. Meneja akacheka. Hakutaka, lakini akacheka. Rangi imebaki nyekundu, Mama Dhahabu, huko Nairobi hawaifuti. Lakini Madamu Janice ameandika maelezo yake akayabandika juu. Na amesema wale wekundu wengine nao wasifukuzwe na karatasi peke yake, waitwe mmoja mmoja wasikizwe. Kuna mama mfagizi, Roseline, yeye kosa lake alijibu kwamba huwa analia kazini. Kesho wataanza naye."

"Na wewe? Mkataba?"

"Mwaka mzima. Nimetia sahihi."

Jalila alisema alhamdulillahi. Alikwenda akapiga magoti mbele ya kile kigoda, akaishika mikono ya mumewe yote miwili, ile mikono aliyoiogopa jioni moja kwa sababu ya kikombe, akailaza usoni pake.

"Nisamehe," alisema. "Nilikutazama kwa macho ya wale watu."

"Kwa siku chache tu," Ishaka alisema.

Mlango ulikuwa wazi na mchana ulikuwa mweupe, majirani wanapita na ndoo zao wanatazama ndani. Jalila hakuinuka kuufunga.